Kabla ya Kununua Nyasi Bandia: Jinsi Mpangilio wa Duka na Mgahawa Unavyomwongoza Mteja

Mgahawa mpya ukifunguliwa siku hizi, Dar es Salaam au Nairobi, unaweza kuubashiri kabla hujaingia. Ukuta mmoja umefunikwa nyasi bandia. Juu ya nyasi kuna maandishi ya taa za waridi yenye maneno ya kutia moyo, kwa Kiingereza. Dari ni la jipsamu lenye ngazi mbili na taa zilizofichwa pembeni. Viti ni vya mahameli, kijani iliyokolea au haradali. Baada ya miezi michache mahameli yameshika mafuta, herufi mbili za ukutani zimezima, na mwenye mgahawa analaumu eneo.

Eneo huwa na lawama yake, sikatai. Lakini mara nyingi fedha zilianza kutumika mahali palipotakiwa kuja mwisho. Msanifu wa ndani anayeijua kazi yake haanzi na rangi. Anauliza mteja ataingilia wapi, atasimama wapi, ataona nini kabla ya nini, mkono wake utafika wapi na atakaa muda gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo wazo kuu la duka au mgahawa. Rangi, taa na viti hulitumikia wazo hilo. Visipolitumikia vinabaki kuwa gharama tu.

Kaunta na nondo

Chukua duka la Mangi, lile la kona ambalo kila mtaa unalo. Dirisha lina nondo, kaunta ni fupi, muuzaji yuko nyuma yake na bidhaa zote zimepangwa ukutani mgongoni mwake. Mteja anasimama nje na kutaja anachotaka. Watu hudhani nondo ni za wezi tu. Za wezi ni kweli, ila mpangilio mzima umefuata namna ya kuuza: sukari robo, mafuta ya kula ya kupima, kitunguu kimoja, sigara moja, na daftari la madeni chini ya kaunta. Kinachopimwa kinahitaji mtu wa kukipima, na anayekopa lazima awe anafahamika. Halafu kuna hesabu ya nafasi: kwa kuwa mteja haingii ndani, hakuna sakafu inayoachwa wazi kwa ajili ya kupita. Chumba cha mita chache za mraba kinabeba mali hadi darini. Hakuna msanifu aliyelichora duka hilo, na bado ni mpangilio wenye akili kuliko fremu nyingi za maduka zenye vioo.

Hata maduka ya vyakula ya Marekani yalikuwa ya namna hiyo. Mteja alisoma orodha yake, karani akampimia na kumfungia. Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Mteja aliingia kupitia kilango cha kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja tu iliyojipinda katikati ya rafu zote, na mwisho wa njia akamkuta keshia. Hakukuwa na njia nyingine ya kutokea. Mwaka uliofuata Saunders alipewa hataza ya Marekani kwa mpangilio huo. Alilinda ramani ya sakafu kama mtu anavyolinda mashine aliyoivumbua, na sioni kama alitia chumvi, kwa sababu ramani hiyo ilifanya kazi ya mashine.

Kuondoa kaunta kulibadili mambo mengi kwa pamoja. Makarani walipungua. Bidhaa zilibidi zije zimeshafungwa na kupimwa, na pakiti ikabidi ijinadi yenyewe, maana hakuna karani wa kusema "chukua hii ya Mombasa, ni nzuri zaidi." Mteja akaanza kununua vitu ambavyo hakuvifikiria nyumbani. Kizuizi kilichobaki kikawa uzito wa kikapu mkononi. Mwaka 1937, Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli, na wateja walipoona haya kuyasukuma, akawalipa watu wazunguke nayo dukani wakijifanya wananunua.

Sasa rudi Kariakoo, kwenye fremu ya mita tatu kwa nne. Mwenye duka la nguo amesafiri, ameona maduka ya Dubai yasiyo na kaunta, amerudi na kuvunja ya kwake. Ameweka reli ya nguo katikati na sanamu mbili za kuvalisha mlangoni. Njia ya kupita inahitaji sentimita 120 hivi ili watu wawili wapishane bila kugusana. Katika fremu ile njia imemeza karibu nusu ya sakafu. Mali imepungua, kodi haikupungua. Hapo mimi ningemwambia arudishe kaunta, aisogeze hadi karibu na ukuta wa nyuma, apandishe nguo ukutani hadi juu na amuajiri kijana mwenye upondo mrefu na ulimi mzuri. Kujihudumia ni mpangilio wa duka lenye nafasi ya kupoteza.

Njia anayopitishwa mteja

Duka likishakuwa kubwa, swali linahama kutoka kwenye kaunta kwenda kwenye njia. IKEA, kampuni ya samani ya Sweden, ndiyo iliyolifikisha mbali zaidi. Duka lake la kwanza lilifunguliwa Älmhult mwaka 1958, na mwaka 1960 likawekewa mgahawa, kwa sababu mteja mwenye njaa huondoka kabla hajaamua. Duka la Stockholm lilifunguliwa 1965 katika jengo la mviringo lililoiga jumba la makumbusho la Guggenheim la New York. Liliungua 1970, na lilipofunguliwa tena mwaka uliofuata wateja waliingia ghalani kujichukulia mali wenyewe.

Mpangilio wake wa leo unajulikana na yeyote aliyewahi kuishi Ulaya au Ghuba. Unaanza na sebule na vyumba vya kulala vilivyopangwa kamili, vitabu rafuni na blanketi kitandani. Hununui kitu hapo, unajiona tu ukiishi mle. Halafu unashushwa kwenye vikombe, mishumaa na taulo, vitu vya bei ndogo visivyohitaji kuulizana na mwenzi. Halafu ghala. Halafu keshia, na baada ya keshia soseji ya bei ya chini kabisa, ili kumbukumbu ya mwisho isiwe ile ya bili. Njia za mkato zipo, lakini hazijitangazi.

Mviena mmoja aliyehamia Marekani, Victor Gruen, alijaribu kitu kipana zaidi. Mwaka 1956 alikamilisha Southdale, karibu na Minneapolis: maduka mengi chini ya paa moja, hewa ikidhibitiwa, katikati ukumbi wenye mwanga, mimea na viti. Alitaka kuwapa watu wa vitongoji uwanja wa mji kama wa Vienna. Waliomfuata walichukua paa na kiyoyozi, wakauacha mji, wakalizunguka jengo kwa maegesho. Mwenyewe baadaye aliyakana maduka hayo hadharani, lakini jina lake limebaki likitajwa na wasanifu kwa ile hali ya mteja kusahau alichokijia na kuanza kuzurura. Afrika Mashariki aina hii ya jengo ilifika na Sarit Centre ya Westlands, Nairobi, mwaka 1983. Mlimani City ya Dar es Salaam ikaja 2006.

Hapa inafaa kufungua fundo moja. Watu wanapenda kusema maziwa huwekwa nyuma ya supamaketi ili mteja apite kwenye kila rafu. Faida hiyo ipo, ila sababu nyingine haina ujanja wowote: jokofu kubwa hujazwa kutokea nyuma, karibu na chumba cha baridi na mlango wa kushushia mizigo, na maziwa hayawezi kusukumwa juani kupitia katikati ya wateja. Mambo mengi ya mpangilio wa maduka yako hivyo. Kinachoonekana kuwa mtego wa kisaikolojia huwa nusu yake ni bomba, waya au lori. Anayeiga mtego bila kujua habari za lori hujikuta amejenga kitu cha ajabu.

Mlango nao una siri yake. Paco Underhill, Mmarekani aliyetumia miaka mingi akiwarekodi wanunuzi kwa kamera, alieleza kwamba hatua chache za kwanza ndani ya duka karibu zinapotea bure: macho yanazoea mwanga, miguu inapunguza mwendo, na tangazo au bidhaa iliyowekwa hapo haionekani. Aliona pia kwamba mteja, hasa mwanamke, akiguswaguswa kwa nyuma na wapita njia huacha alichokuwa anakichagua na kuondoka. Mtu wa Kariakoo anaweza kucheka. Kariakoo watu wanabanana na bado wananunua, kwa kuwa wamefuata bei na wamejiandaa kubanwa. Lakini ukilipeleka bango la bei za juu kwenye njia ya sentimita 60, pale Underhill ana haki.

Hesabu ya kiti

Dukani mteja anatembea, mgahawani anakaa. Kwa hiyo kinachouzwa mgahawani, pamoja na wali, ni muda wa kiti.

Tuseme una viti 40 na mchana wenye watu ni kuanzia saa sita hadi saa tisa, yaani dakika 180. Mteja akikaa dakika 45, kila kiti kinaweza kuhudumia watu wanne: sahani 160. Akikaa saa nzima, ni watu watatu: sahani 120. Kwa sahani ya shilingi 8,000, dakika hizo 15 ni shilingi 320,000 kwa mchana mmoja. Hakuna mgahawa unaojaa kikamilifu hivyo, lakini uwiano haubadiliki. Kiti kigumu, meza ndogo, mwanga mkali na muziki wa haraka vinafupisha ukaaji. Kochi, mwanga hafifu na muziki wa taratibu vinaurefusha. Hakuna kilicho kibaya hapo. Kibaya ni kuweka makochi mahali panapouza chakula cha mchana kwa watu wa ofisi, halafu kushangaa kwamba watu 12 wamekamata ukumbi mzima kwa soda moja moja.

Ronald Milliman, mtafiti wa masoko wa Marekani, aliyapima mambo haya. Katika supamaketi, matokeo aliyochapisha 1982, mauzo yalikuwa juu kwa takriban asilimia 38 siku za muziki wa taratibu kuliko siku za muziki wa haraka. Katika mgahawa, 1986, waliosikilizishwa muziki wa taratibu walikaa wastani wa dakika 56 na wale wa muziki wa haraka dakika 45. Bili ya chakula haikutofautiana sana. Iliyopanda ni bili ya vinywaji, kutoka dola 22 hivi hadi 30 kwa meza. Maana yake muziki wa taratibu unamlipa mwenye baa, na mwenye chakula tu unamchelewesha. Tafiti hizo ni mbili, za mahali mahususi, na DJ wako wa Ijumaa hazimfungi. Ila zinatosha kumfanya mtu aulize kabla ya kununua spika.

Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Adrian North walikwenda mbali zaidi. Kwenye rafu ya mvinyo ya supamaketi walipiga muziki wa Kifaransa siku moja na wa Kijerumani siku nyingine. Siku za Kifaransa, mvinyo wa Ufaransa uliuzwa chupa tano kwa kila moja ya Ujerumani. Siku za Kijerumani, ule wa Ujerumani uliuzwa karibu mara mbili ya mwenzake. Walipoulizwa, wanunuzi wengi hawakusema kwamba muziki uliwagusa kwa namna yoyote.

Upande wa pili wa hesabu uko jikoni. Mwaka 1948 ndugu wawili wa McDonald, huko San Bernardino, California, waliamua kuuza vitu tisa tu. Waliichora ramani ya jiko kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wafanyakazi wakaigiza kukaanga na kufunga mikate, na mistari ikafutwa na kuchorwa upya hadi watu walipoacha kugongana. Kazi hiyo haigharimu kitu zaidi ya chaki, na ningemshauri yeyote aifanye kwenye sakafu tupu ya fremu yake kabla fundi hajaleta simenti. Simama palipo jiko, beba sinia, nenda hadi meza ya mwisho. Ukipishana mara tatu na mtu anayekwenda msalani, ramani haijakaa sawa.

Wasanifu wakubwa nao hufikiria miguu ya wahudumu. Philippe Starck alipobuni Café Costes ya Paris, iliyofunguliwa 1984, alikipa kiti miguu mitatu badala ya minne, na sababu aliyoitoa ni kwamba weita atakuwa na mguu mmoja pungufu wa kujikwaa.

Kuna biashara zinazouza ukaaji wenyewe. Mwanasosholojia Ray Oldenburg alieleza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba watu huhitaji mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala kazini, na kampuni za mikahawa ya Marekani zikaikumbatia hoja hiyo kama kauli mbiu. Watu wa pwani hawakuhitaji kuelezwa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina baraza ya mawe mbele, imejengwa pamoja na ukuta, na muuza kahawa anaweka birika lake pale penye baraza na wazungumzaji. Meza hakuna, mapambo hakuna. Kikombe ni kidogo na kahawa ni chungu, hivyo mtu hanywi ili ashibe. Anakunywa ili aendelee kukaa. Bei ya kikombe ni ndogo kwa kuwa kiti hakina kodi. Java House, ilipoanza Nairobi mwaka 1999 pale Adams Arcade, ililazimika kuuza kiti chenye kodi, na ndiyo sababu kahawa yake inakuja pamoja na chakula kizima cha asubuhi hadi usiku.

Moto mlangoni

Mgahawa ninaoutolea mfano kila mara wazo kuu linapojadiliwa ni Carnivore (yaani mla nyama) ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980 na kampuni ya Tamarind. Ukiingia, kitu cha kwanza ni shimo kubwa la mkaa, nyama zikiwa zimechomekwa kwenye sime za Kimasai juu ya moto. Unapita karibu nalo kabla hujaonyeshwa meza. Kwa hiyo oda imeshachukuliwa na pua yako kabla weita hajafungua mdomo. Menyu ya kuchagua nyama haihitajiki. Wahudumu wanazunguka na sime na kukukatia kwenye sahani ya chuma yenye moto. Katikati ya meza pana kisahani cha kuzunguka chenye achari na mchuzi wa kila nyama, na juu yake kibendera kidogo. Kibendera kikisimama, nyama inaendelea kuja. Ukikilaza, umesalimu amri.

Tazama kibendera hicho kimefanya nini. Kimemwondolea weita kazi ya kuuliza, kimempa mteja mamlaka juu ya mwendo wa mlo, na kimegeuza shibe kuwa mchezo ambao meza nzima inaushiriki. Gharama yake ni ya karatasi. Na uthibitisho kwamba wazo lilikuwa imara ulikuja baadaye. Miaka ya mwanzo wageni walifuata nyama za porini, pundamilia na wenzake. Mwaka 2004 Kenya ilipiga marufuku biashara ya nyama hizo. Mgahawa ulipoteza kile ambacho wengi walidhani ndicho kivutio chake, lakini moto, sime na kibendera vilibaki, na watu waliendelea kuja kula ng'ombe, kondoo, kuku, na mamba au mbuni wa kufugwa.

Mgahawa mwingine ungejibu jina la aina hiyo kwa kutundika vichwa vya nyati ukutani na kuwavalisha wahudumu shuka nyekundu. Hayo yangekuwa mapambo ya mada. Ukiondoa vichwa vya nyati, mteja anakula vilevile. Ukiondoa kibendera, mlo wenyewe unaharibika. Njia nzuri ya kupima kitu chochote kwenye mchoro wa msanifu ni kukifuta, halafu kuuliza mteja atafanya nini tofauti.

Kwa kipimo hicho, mkanda unaozungusha sushi ni wazo kuu. Yoshiaki Shiraishi wa Osaka alikuwa na wateja wengi na wahudumu wachache; alipoona chupa za bia zikipita kwenye mkanda kiwandani akapata ufumbuzi, na mwaka 1958 mgahawa wake ukaanza kuzungusha sahani. Sufuria za mama ntilie zilizopangwa mbele, mifuniko ikifunuliwa mteja akipita, nazo ni wazo kuu: chakula kinajieleza, foleni inasogea, na usafi unakaguliwa na kila mtu. Wapishi wa California walipoanza kusifiwa miaka ya 1980 kwa kuweka jiko wazi mbele ya wateja, mama ntilie wa Ilala angeuliza kwani hapo kabla lilikuwa wapi.

Hadithi pia inaweza kubeba, ikiandikwa kwa uangalifu. Dishoom, iliyoanza London mwaka 2010, imejengwa juu ya kumbukumbu ya mikahawa ya Wairani wa Bombay, na kila tawi lina kisa chake cha kubuni ambacho msanifu anakifuata hadi kwenye picha za ukutani na sheria za nyumba zilizoandikwa mlangoni. Inafanya kazi kwa sababu menyu nayo ni ya mikahawa ile: chai, mkate, kifungua kinywa, na chakula cha kushiriki. Kisa cha ukutani kikipingana na sahani, mteja anahisi kadanganywa hata kama hawezi kusema wapi.

Taa, na kelele ambazo hakuna anayezipangia bajeti

Taa nitazipitia haraka. Balbu nyeupe ya samawati, ya Kelvini 6,500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ni ya kazi. Kwenye meza ya chakula inaufanya wali uonekane wa jana. Ya Kelvini 2,700 hadi 3,000 ni ya kukaa. Kuna kipimo kingine kinachoishia 100, cha uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo. Balbu za bei poa huwa chini ya 80, na ndizo zinazomfanya mama achukue kitenge kwenye mlango wa duka na kukitoa nje juani kabla ya kulipa. Kwenye chumba cha kujaribia nguo, weka taa pembeni mwa kioo. Taa ya darini inamwekea mtu vivuli chini ya macho, naye analaumu gauni.

Kelele ndiyo inayosahaulika. Vigae, kioo, jipsamu iliyopakwa rangi na ukuta wa simenti vyote vinarudisha sauti. Watu 40 wakiongea kwenye chumba hicho, kila meza inapandisha sauti ili isikike, jirani naye anapandisha, na mwenye mgahawa anaongeza muziki ili ufunike. Makuti yalilimaliza tatizo hili zamani: paa la makuti linameza sauti na kuzuia joto kwa pamoja. Asiye na makuti anaweza kutumia mapazia mazito, viti vyenye kitambaa, vikapu vilivyotundikwa darini. Mkeka mwembamba ukiubandika moja kwa moja ukutani hausaidii sana. Ukiuwekea fremu na kuacha nafasi ya hewa nyuma yake, unasaidia zaidi.

Joto nalo ni la kubuniwa, hasa pwani. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza weusi wa Afrika Mashariki, alipolibuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alilipa paa la miavuli ya zege iliyosimama juu ya nguzo, upepo na mwanga vikipenya katikati na mvua ikikusanywa. Sehemu ya soko iliungua Julai 2021, lakini miavuli ile imebaki kuwa somo la biashara kubwa inayopumua bila kiyoyozi. Mgahawa wa vioo pande tatu unaoangalia magharibi, Dar es Salaam, utalipia umeme saa kumi za jioni kila siku ya uhai wake. Pangaboi na baraza yenye kivuli zingetosha.

Ukuta wa picha, na watu wa bodaboda

Ningekuwa mnafiki nikiuponda ukuta wa picha bila kukiri kwamba picha zinaleta watu. Ukumbi mmoja wa mgahawa wa Sketch, London, ulipopakwa waridi kuanzia juu hadi chini na msanifu India Mahdavi mwaka 2014, ulisambaa mitandaoni dunia nzima. Lakini waliusoma wakati: mwaka 2022 waridi iliondolewa, ukumbi ukawa wa manjano na shaba, na kazi za msanii Yinka Shonibare zikapanda ukutani. Walikuwa na bajeti ya kubadilisha sura. Nyasi bandia za mtaani zinategemewa zidumu hadi mkopo uishe, na kwa kuwa za jirani zimetoka duka lilelile, picha haimwambii mtu imepigwa wapi. Ukitaka ukuta wa picha, uwe na kitu cha hapo tu: mlango wa mchongo wa fundi wa mtaa wako, kanga zenye majina mliyoyachagua wenyewe, au dirisha linalotazama kivuko.

Jambo jipya linalowachanganya wasanifu kwa sasa haliko hata ndani ya ukumbi. Oda za simu zimeleta vijana wa bodaboda mlangoni, saa saba mchana, wakati uleule ambao wateja wa mezani wanaingia. Wanasimama palepale kwenye hatua za kwanza, helmeti mkononi, wakiuliza oda namba fulani iko wapi, na keshia anawajibu juu ya kichwa cha mteja anayelipa. Baadhi ya migahawa imeshajibu kwa dirisha la pembeni linalotoka moja kwa moja jikoni, rafu yenye namba, benchi la kivulini na bomba la maji ya kunywa kwa anayesubiri. Dirisha, kaunta fupi, mtu wa kukabidhi upande wa ndani na mteja nje: ukilitazama vizuri, ni duka la Mangi, na fundi wa nondo anajua kulijenga kwa wiki moja.